Msumeno wa ukanda karakana ya nyumbani: kuupanga, kupasua mninga na kuutengeneza

Bledi ikianza kwenda kombo katikati ya ubao wa mninga, wengi hukaza fensi (ukingo ulionyooka wa mezani unaoongoza mbao) au huongeza nguvu ya kusukuma, na hapo ndipo ubao wa bei kubwa unapoharibika. Msumeno wa ukanda, ambao bledi yake ni mkanda unaozunguka juu ya magurudumu mawili, una sehemu chache, lakini kila moja imeegemea nyingine. Tairi la mpira likichakaa, bledi haitulii. Bledi isipotulia, miongozo yake, yaani vishikio vinavyoizuia isiyumbe, haipangiki. Miongozo ikikaa vibaya, fensi haisaidii kitu. Ndiyo maana kuupanga kuna utaratibu usiorukwa, na ukianzia katikati utashinda siku nzima ukizungusha nati zile zile.

Maelezo haya ni ya mashine ndogo yenye magurudumu mawili ya inchi 14 (milimita 356) na mota ya nguvu farasi 1 hadi 1.5. Ndiyo inayofaa karakana ya nyumbani hapa Tabora, iwe unapasua mninga wa Sikonge na Urambo, unachana mbao za mizinga ya nyuki, au unakata miguu ya viti yenye mikunjo. Mashine kubwa za kupasulia magogo zina taratibu zake.

Umeme na kasi

Soma kwanza kibao kilichopigwa kwenye mota. Mashine za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa volti 115, hezi 60. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, hezi 50, mota inaungua. Kama kibao kimeandikwa 115/230, fungua kisanduku cha nyaya: kuna mchoro wa kubadilisha miunganisho iende 230. Kama ni 115 peke yake itahitaji transfoma ya kushusha, na kwa mota ya nguvu farasi 1 usichukue transfoma iliyo chini ya VA 2,000 (volti-ampea, kipimo cha uwezo wake), kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake.

Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota iliyoandikwa mizunguko 1,725 kwa dakika kwa hezi 60 huzunguka kama 1,425 hapa kwetu, yaani inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya kasi, na hupata moto zaidi. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, fungua hiyo mota weka ya volti 230 hezi 50, achana na transfoma kabisa.

Kwa mbao, bledi inatakiwa kwenda karibu mita 900 kwa dakika. Kukokotoa ni rahisi: kipenyo cha gurudumu kwa mita, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa mizunguko ya gurudumu kwa dakika. Mota ya 1,425 yenye puli ya milimita 75, ikiendesha puli ya milimita 135 kwenye gurudumu la chini, inaleta mizunguko 792. Gurudumu la 0.356 linakupa mita 885 kwa dakika, na hiyo inatosha. Ukipata mita 700 au pungufu, tafuta puli kubwa zaidi ya mota. Fundi wa kukereza chuma anaweza kukuchongea.

Waya wa kurefushia umeme uwe wa milimita za mraba 2.5, usizidi mita 20, na uukunjue wote. Waya uliobaki umeviringishwa hupata moto. Jioni, umeme unapozidiwa, pima volti kwa mita ya umeme wakati mashine inakata. Ikisoma chini ya volti 207, acha kupasua mbao nene hadi hali irudi.

Bledi ipi kwa kazi ipi

Kuna mambo matatu: upana, idadi ya meno kwa inchi, na unene.

Upana huamua mkunjo. Bledi ya milimita 6 hupinda kwenye duara la nusu kipenyo cha milimita 16, ya milimita 10 kwenye milimita 38, ya milimita 12 kwenye karibu milimita 63, na ya milimita 20 huhitaji kama milimita 140. Ukilazimisha mkunjo mkali kuliko huo, bledi inajisokota, inakwangua mwongozo na kupasuka kwenye mabonde ya meno. Mkunjo ukikushinda, kata kwanza mistari mifupi ya kutokea pembeni, kisha vipande vidondoke kimoja kimoja unapoufuata mchoro.

Kuhusu meno, angalau matatu yawe ndani ya mbao wakati wote. Ubao wa inchi 1 unakatwa vizuri na bledi ya meno 6. Kupasua mbao ya milimita 150 iliyosimama kunataka meno 3 kwa inchi, yenye mabonde makubwa ya kubeba unga. Mtu anayepasua mninga kwa bledi ya meno 10 ataona moshi: unga hauna pa kwenda, unabanwa, bledi inapata moto na kupoteza makali.

Unene ndio mtego mkubwa hapa Tabora, kwa sababu vipande vya bledi za mashine za magogo hupatikana. Bledi hizo huwa na milimita 0.9 hadi 1. Kwenye gurudumu la inchi 14 chuma cha unene huo hukunjwa mno kila kinapopita juu na chini, na baada ya kazi ya muda mfupi kinaanza kupasuka. Chukua milimita 0.5 hadi 0.64.

Urefu: pima kutoka katikati ya shafti ya juu hadi katikati ya shafti ya chini, gurudumu la juu likiwa karibu nusu ya mwendo wake. Zidisha mara 2, kisha jumlisha kipenyo mara 3.14. Mashine nyingi za inchi 14 huchukua milimita 2,375 (inchi 93.5). Zilizowekewa nguzo ya kuinulia (kipande kinachoongezwa ili gurudumu la juu likae juu zaidi) huchukua milimita 2,667 (inchi 105).

Kuupanga, kwa mfuatano

Chomoa plagi. Rudisha nyuma miongozo yote, ya juu na ya chini, pamoja na beringi za nyuma. Bledi mpya isiguse chochote isipokuwa matairi.

1. Vaa glovu kwa kukunjua bledi tu, kisha uzivue. Mashine ikizunguka glovu inavutwa pamoja na mkono. Ivishe bledi, meno yakielekea kwako na yakitazama chini mezani. Yakitazama juu, igeuze ndani nje.

2. Kaza kiasi cha kuishika tu. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono huku ukirekebisha skrubu ya mkao iliyo nyuma, hadi bledi itembee katikati ya tairi. Izungushe angalau mara kumi, kwa sababu bledi inayohama kidogo kidogo haionekani kwa mzunguko mmoja.

3. Sasa kaza kwa mkazo wa kazi. Kipimo kilichochorwa kwenye springi ya mashine ndogo hakiaminiki, hasa springi ikizeeka. Njia ya uhakika inahitaji vernia kalipa, kipimo chenye taya kinachosoma sehemu ndogo za milimita. Bledi ikiwa imelegea, bana taya zote mbili za kalipa kwenye bledi kwa vibanio vidogo, zikiwa zimeachana milimita 200. Kaza. Kalipa ikifunguka milimita 0.1, bledi iko kwenye mkazo wa karibu megapaskali 100, unaotosha kupasulia. Kwa bledi ya milimita 6 inayokata mikunjo, nusu yake hadi robo tatu inafaa. Usipokuwa na kalipa, inua mwongozo wa juu milimita 150 kutoka mezani na usukume bledi kwa kidole pembeni: isogee milimita 6, isizidi. Kisha angalia tena mkao wa hatua ya 2, kwa kuwa mkazo huusogeza.

4. Miongozo ya pembeni. Sogeza fremu yake mbele hadi ukingo ufike nyuma ya mabonde ya meno, ukibakiza milimita 1. Miongozo ikigusa meno, seti yake (meno kupindishwa kidogo kushoto na kulia) inafutika kwa mzunguko mmoja. Ingiza kipande cha karatasi ya daftari kila upande kati ya mwongozo na bledi, sogeza miongozo hadi ishike karatasi bila kuisukuma bledi, kaza, vuta karatasi. Nafasi inayobaki ni milimita 0.1.

5. Beringi ya nyuma ikae milimita 0.4 hadi 0.5 nyuma ya bledi. Mashine ikizunguka bure, beringi isizunguke. Izunguke pale tu mbao inaposukumwa. Inayogusa muda wote huchimba mfereji kwenye uso wake na kuufanya mgongo wa bledi mgumu na mwepesi kupasuka. Rudia hatua ya 4 na hii kwa miongozo ya chini ya meza. Wengi huisahau ya chini, halafu wanashangaa kwa nini mkato uko wima juu na umepinda chini.

6. Weka guni (kipimo cha pembe mraba) mezani liguse bledi, rekebisha meza iwe nyuzi 90, kaza. Funga milango yote miwili, chomeka, washa kwa sekunde chache ukiwa umesimama pembeni, wala si mbele ya bledi wala upande wa kulia wa mashine, maana bledi ikikatika hurukia huko.

Kuna wanaosema lazima magurudumu mawili yawe kwenye bapa moja kabisa, na wanaongeza washa (pete bapa za chuma) nyuma ya gurudumu hadi rula ndefu iguse kingo zote nne. Kwenye matairi yenye mgongo wa duara tofauti ya milimita 1 au 1.5 haina madhara. Ikizidi hapo, ongeza washa. Vinginevyo usiguse kitu kinachofanya kazi.

Kupasua mninga

Sababu ya kutumia msumeno huu badala ya wa duara ni mbao unayookoa. Ubao wa 2 kwa 6 wenye unene kamili wa milimita 50, ukikatwa mara tatu kwa bledi inayokula milimita 1.2, hutoa mbao nne za milimita 11.6, na ukipiga randa unabaki na milimita 10. Msumeno wa duara unakula milimita 3 kila mkato, na mbao zako zitakuwa nyembamba ya kutosha kuumiza kazi. Kumbuka mashine ya kawaida ya inchi 14 ina nafasi ya milimita 150 chini ya mwongozo. Ubao wa 2 kwa 8 hausimami humo bila nguzo ya kuinulia.

Piga randa uso mmoja na ukingo mmoja viwe sawa kwanza. Ubao uliopinda ukitikisika mezani, hakuna bledi itakayokwenda sawa.

Kisha tafuta mwelekeo wa bledi yako. Kila bledi ina tabia ya kuvuta upande mmoja kidogo. Chukua mbao chakavu yenye ukingo ulionyooka, chora mstari ulio sambamba na ukingo huo, kata kwa mkono kwa kuufuata mstari hadi sentimita 30, zima mashine huku mbao ikiwa palepale. Chora mezani kwa penseli pembe ambayo mbao imekaa, na ulaze fensi kwenye pembe hiyo. Bledi ikivuta zaidi ya nyuzi 5, usiisahihishe kwa fensi: meno ya upande mmoja ni butu au hayana seti ya kutosha.

Mwongozo wa juu ushuke hadi milimita 5 au 6 juu ya mbao. Sukuma kwa mkono mmoja, mwingine ukiibana mbao kwenye fensi kabla ya bledi, na sentimita 15 za mwisho tumia kijiti cha kusukumia. Kwa mota ya nguvu farasi 1, mninga mkavu wa milimita 150 unakwenda karibu mita moja kwa dakika mbili hadi tatu. Sikiliza mota: sauti ikishuka, punguza kusukuma. Mbao ya mtundu ni ngumu zaidi, itachukua muda mrefu.

Usiivute mbao kurudi nyuma bledi ikizunguka. Inaivuta bledi kutoka kwenye magurudumu. Zima, subiri isimame, ndipo uvute. Na mbao ya duara, kama kipande cha gogo la mwembe, haikatwi ikiwa imelazwa tu mezani: bledi inaikamata na kuibiringisha pamoja na vidole. Ifunge kwa skrubu kwenye ubao bapa au ilaze kwenye tegemeo lililokatwa kama herufi V.

Vumbi la mninga hukera pua na ngozi, na baadhi ya watu huwaletea pumu. Tumia barakoa ya N95 au FFP2. Kitambaa cha kawaida hakizuii unga mwembamba.

Kasoro na zinakotoka

Mkato wenye tumbo, yaani sawa juu na chini lakini umetoka nje katikati: mkazo mdogo, bledi butu, au unasukuma haraka. Anza na mkazo. Kama bado, pitisha ukucha kwenye meno. Lisilokwangua ukucha limekwisha.

Bledi inatoka kwenye magurudumu: mara nyingi ni tairi lililoliwa mgongo wake, au unga uliogandamana juu ya mpira. Nyingine ni kurudisha mbao nyuma.

Sauti ya tik-tik inayofuata mzunguko: zima mara moja. Ni kiungo kilichopinda au ufa unaoanza kwenye bonde la jino. Zungusha kwa mkono ukitazama kila bonde kwenye mwanga mkali. Yenye ufa isiendelee hata kwa mkato mmoja.

Mtikisiko: vua mkanda wa mota, washa mota peke yake. Ikitulia, kosa liko kwenye mkanda, puli au magurudumu. Mkanda uliokaa miezi bila kutumika huwa na umbo la kukunjamana na hutikisa mashine nzima, ingawa hauonyeshi uchakavu wowote.

Moshi na harufu ya kuungua, mkato ukiwa na rangi nyeusi: bledi imejaa utomvu mwekundu wa mninga. Ivue, ikunje mizunguko mitatu, ilaze kwenye beseni la maji ya moto yenye vijiko vichache vya magadi, iache saa kadhaa. Isugue kwa brashi ya nyaya laini, ifute, ikaushe juani papo hapo na kuipaka mafuta mepesi. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, bledi isiyopakwa mafuta hupata kutu usiku mmoja, na kutu kwenye mabonde ndiko nyufa zinakoanzia.

Matairi

Bonyeza mpira kwa ukucha. Ukiwa mgumu usiorudi, au una nyufa, mifereji na vipande vilivyobanduka, badilisha. Bandua wa zamani kwa patasi butu, safisha ukingo wa gurudumu kwa thina mlango ukiwa wazi na moto ukiwa mbali. Tairi la kiwandani la yurethani (plastiki inayovutika) hulowekwa kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika chache, likalainika, ukalivuta juu ya gurudumu bila gundi.

Ukikosa la kiwandani, mpira wa ndani wa gurudumu la lori wenye unene wa karibu milimita 3 unafanya kazi, ila ukatwe sehemu isiyo na mshono. Kata ukanda wa upana wa gurudumu, urefu wa milimita 1,100 kwa gurudumu la 356 (mzingo wake ni 1,118, kwa hiyo utavutika kidogo). Ncha zikatwe kwa mshazari zikutane bila kupandana; zikipandana mashine itagonga kila mzunguko. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 isinate kidoleni, bandika, acha saa 24. Kisha msaidizi azungushe gurudumu kwa mkono huku ukibana msasa namba 80 uliobandikwa kwenye ubao, ukila kingo zaidi kuliko katikati, hadi katikati ibaki juu kwa nusu milimita hadi milimita moja. Bila mgongo huo bledi haitakaa.

Beringi

Vua bledi, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, au likizungushwa likanguruma, beringi imekwisha. Namba imepigwa kwenye kifuniko chake: 6202 ni 15×35×11, 6203 ni 17×40×12, na ndogo za miongozo mara nyingi ni 608, yaani 8×22×7. Kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki na mota utazipata kwa namba hizo. Chagua zenye 2RS, kifuniko cha mpira, kwa sababu cha chuma hupitisha unga wa mbao. Unapoigonga ndani ya kitovu cha gurudumu, gonga pete ya nje tu kwa kipande cha bomba. Unapoivisha kwenye shafti, gonga ya ndani. Ukigonga isiyo sahihi, beringi mpya inakufa kabla ya kuanza kazi.

Bledi iliyokatika na bledi butu

Bledi ya chuma cha kawaida huungwa kwa fimbo ya fedha. Ncha mbili zilazwe pamoja, moja imegeuzwa, uzisage mshazari wa milimita 5 hadi 6 kwa pamoja ili pembe zilingane. Hesabu meno ili nafasi isivunjike kwenye kiungo. Zibane kwenye pembe ya chuma migongo ikiwa kwenye mstari mmoja, paka flaksi (dawa ya kusafisha chuma ili fimbo ishike), chomelea hadi wekundu hafifu unaoonekana kivulini, fimbo ikatiririka yenyewe. Ondoa moto taratibu kwa muda wa nusu dakika. Usimwagie maji: kiungo kitakuwa kigumu kama kioo. Kipige tupa hadi unene ulingane na bledi nzima, kisha kipashe tena mpaka chuma kiwe na rangi ya bluu. Kikunje kwa mduara wa gurudumu. Kikikatika hapo, kilikuwa kitakatikia kazini.

Kunoa bledi ya meno 3 kunafanyika ikiwa juu ya mashine, plagi imechomolewa, kwa tupa ya mviringo ya chensoo ya milimita 4. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, piga tupa mara mbili kwenye uso wa kila jino, sawa kwa yote 280 ya bledi ya inchi 93.5. Ukipiga tatu huku na moja kule, bledi itavuta kombo. Baada ya kunoa mara tatu au nne seti huwa imepungua na mkato unaanza kubana. Piga seti upya kwa koleo lake.

Mota inayonguruma bila kuzunguka

Zima haraka, usiisubiri. Vua mkanda ujue kama mzigo ndio unaoizuia. Ikinguruma hata bila mkanda, shuku kapasita ya kuanzishia. Chomoa plagi na uimalize chaji kapasita hiyo kwa kugusisha nyaya za balbu ya nyuzi kwenye ncha zake; usiiguse kwa bisibisi wala kidole. Nunua yenye maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua zilizoandikwa. Kapasita ikiwa nzima, fungua kifuniko cha nyuma cha mota. Swichi inayofunguka kwa kasi ya mzunguko hujaa unga wa mninga na kushindwa kurudi mahali pake. Ipulizie, safisha pointi zake kwa msasa laini namba 400, na uzibe tundu ambalo unga uliingilia bila kufunga njia ya hewa ya feni.

Jioni legeza mkazo wa bledi hadi nusu, na utundike karatasi kwenye swichi yenye maneno "BLEDI IMELEGEZWA", ili atakayewasha asubuhi aikaze kwanza.